Maswali kwa Baharia: Saa za Nchi Kavu Mjini Durban

Katika ukurasa huu baharia mstaafu wa Tanga, aliyefanya kazi ya sitaha katika meli za shehena, hujibu maswali ya wasomaji. Katika toleo lililopita aliutaja mji wa Durban, Afrika Kusini, kuwa ndio mji wa pwani aliokuwa akiusubiri kwa hamu kuliko yote aliyoteremka. Barua zilizofuata ziliuliza zaidi habari za mji huo, nasi tumechagua nne.

SWALI: Shikamoo, mzee. Mimi ni mwanafunzi wa ubaharia. Darasani tunafundishwa usalama, kamba na upakiaji wa shehena, lakini hakuna anayetueleza baharia akishateremka ngazi ya meli huenda wapi na hufanya nini. Ulisema Durban uliipenda kuliko bandari nyingine. Naomba utusimulie siku zako za kushuka huko zilikuwaje. (S. K., Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sisi tuliozaliwa Tanga na Mombasa tulikua tukiijua Durban kwa jina tu, kwa sababu serikali zetu zilikuwa zimeisusia Afrika Kusini ya makaburu, na mtu mwenye pasipoti ya Tanzania hakuwa na njia halali ya kwenda kule. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1994 mlango ulifunguka, na sisi tuliokuwa katika meli za shehena mchanganyiko tukaanza kuingia bandari ile mara kwa mara. Kwa hiyo niliposhuka Durban kwa mara ya kwanza nilikuwa na shauku ya mtu aliyeelezwa habari za nyumba fulani tangu utotoni bila ya kuruhusiwa kuingia ndani.

Ukitoka kaskazini usiku, unaanza kuona mstari mrefu wa taa, nazo ni hoteli za ghorofa zilizopangana kando ya ufuko, kisha mbele yake unaona kilima kirefu cheusi kiitwacho Bluff, ambacho kinaikinga bandari upande wa kusini. Rubani wa bandari, yule anayepanda kuisaidia meli kuingia, katika bandari nyingi huja kwa boti na kukwea ngazi ya kamba. Durban walikuwa wakimleta kwa helikopta na kumteremsha kwa waya juu ya sitaha, na sisi tulisimama pembeni na vifaa vya kuzimia moto tukiwa tayari, upepo wa mapanga ukitupiga usoni. Hapo ndipo moyo ulipoanza kufurahi, kwa maana tulijua kwamba kabla ya jua kutua baadhi yetu tutakuwa tumevaa viatu vya nchi kavu.

Siku zetu za kukaa gatini zilitegemea shehena. Meli yetu ilikuwa ikipakia sukari ya magunia katika gati la Maydon, na sukari haipatani na maji, hivyo wingu likionekana tu, milango ya ngama, yaani vyumba vya shehena chini ya sitaha, ilifungwa na kazi ikasimama mpaka mvua ipite. Nahodha na wakala walinung'unika, kwa kuwa kila siku ya gatini inalipiwa, lakini sisi wa sitaha tuliipokea mvua ile kama riziki. Serahangi, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, aligawa zamu, nusu yetu tukabaki kuangalia kamba na ngazi, na nusu wakapewa vibali vya kushuka hadi saa iliyotajwa.

Nilipopata kibali, kitu cha kwanza kilikuwa kutembea. Baharia aliyekaa wiki kadhaa juu ya chuma huwa na hamu ya kwenda mbele bila ya kufika mwisho wa sitaha na kugeuka, na ufuko wa Durban ni mahali pazuri sana pa kukata hamu hiyo, kwa sababu njia ya waendao kwa miguu inafuata bahari kwa kilomita kadhaa. Watu wanauita ufuko ule Maili ya Dhahabu, ingawa urefu wake ni zaidi ya maili moja. Nilipenda kuanzia upande wa kusini, karibu na mdomo wa bandari, nikipita kwenye magati madogo yanayoingia baharini, ambako wavuvi wenye asili ya Kihindi walisimama bega kwa bega na fimbo zao ndefu, nikaendelea mpaka mahali ambapo vijana hupanda mawimbi kwa mbao.

Bahari ni ileile ya Hindi tuliyoogelea utotoni, lakini tabia yake ni nyingine. Kwetu matumbawe huyavunja mawimbi mbali, maji yakaja pwani yametulia. Durban hakuna kizuizi cha namna hiyo, mawimbi huja marefu kutoka mbali na kuanguka mchangani kwa kishindo. Waokoaji huchomeka bendera mbili, nawe unatakiwa kuoga baina yake. Nje kidogo zimetandazwa nyavu za kuwakinga waogaji na papa, zilizowekwa kwa mara ya kwanza mwaka 1952 baada ya watu kushambuliwa mara nyingi.

Kisha kuna wakokota riksho, na hao sitawasahau. Gari lenye magurudumu mawili, linalokokotwa na mtu, lililetwa Natal, koloni la Waingereza lililokuwa na mji wa Durban, mwaka 1892 na tajiri wa mashamba ya miwa aitwaye Marshall Campbell, na wakati mmoja lilikuwa usafiri wa kawaida mjini. Wakati wangu yalikuwa yamebaki machache, ya kuwapandisha wageni. Mkokotaji ni Mzulu aliyevaa taji kubwa la pembe za ng'ombe, shanga na manyoya, ambalo kwa uzito wake mtu mwingine asingeweza kusimama nalo saa moja. Huyu hukimbia nalo, kisha katikati ya mbio huruka juu, gari likainama nyuma na abiria wakapiga kelele. Nilizungumza na mmoja wao aliyekuwa amekaa kivulini akitengeneza shanga zilizokatika. Aliniambia kuwa taji lile analitengeneza mwenyewe, na kwamba baba yake alikokota gari katika ufuko huohuo wakati ambapo mtu mweusi hakuruhusiwa kuoga pale. Wazungu walikuwa wametengewa sehemu nzuri ya pwani kwa sheria, na mabango yalisema hivyo kwa Kiingereza, Kiafrikana na Kizulu. Wananchi waliingia baharini kwa nguvu mwaka 1989 kuipinga sheria hiyo, na mwaka huohuo serikali ikatangaza kuzifungua fukwe kwa watu wote. Nilipokuwa nikiona watoto wa rangi zote wakikimbizana na povu la mawimbi, nilijua kwamba natazama kitu kipya kabisa, kilichopatikana kwa jasho.

Wakati wa Krismasi na Mwaka Mpya ufuko hujaa hata huoni mchanga, kwani watu wa Johannesburg na miji mingine ya bara huteremka kwa mabasi. Na wengi wao wakati wa kuondoka hujaza maji ya bahari katika chupa na madumu wakawapelekee wazee waliobaki nyumbani, ambao huyatumia kwa dawa na kwa kujitakasa. Nilimwona mama mmoja mtu mzima, amekunja sketi mpaka magotini, anasubiri wimbi lirudi ili achote maji yasiyo na mchanga. Alikuwa akimwaga na kuchota tena mpaka aliporidhika. Mimi niliyekuwa nikiyaosha maji hayo kwenye sitaha kila asubuhi ili yasile chuma, nilisimama nikamshikia kifuniko cha chupa.

Na njaa ikiuma, tulikwenda mitaa ya Wahindi. Wahindi wa kwanza wa mkataba wa kazi walifika Durban tarehe 16 Novemba 1860 kwa meli ya Truro kutoka Madras, kwenda kulima miwa, na chakula chao ndicho kilichoupa mji ule ladha. Kuna kimoja kiitwacho bunny chow: mkate wa boflo hukatwa robo au nusu, sehemu laini ya ndani ikatolewa, shimo likajazwa mchuzi wa mbuzi, wa maharage au wa kuku, kisha ile sehemu laini ya mkate ikawekwa juu kuwa kifuniko. Huliwa kwa mkono. Unaanza na kile kifuniko, unachovya, kisha unamega kuta polepole kutoka juu, na ukiwa na haraka ukamega chini, mchuzi wote uko mapajani. Kwa mtu aliyekula chakula cha mpishi mmoja wiki baada ya wiki, robo ya mkate ule ni karamu.

SWALI: Mzee, nimesikia kwamba huko Durban kuna watu wanaoitwa Wazanzibari ambao hawajawahi kuiona Zanzibar. Je, ni kweli, na uliwahi kukutana nao? (Msomaji wa Mkunazini, Unguja)

JIBU: Ni kweli, na nashukuru umeuliza, kwa sababu hilo ndilo lililonirudisha mjini kila nilipopata kibali hata baada ya kuzoea ufuko.

Katika karne ya 19 manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi yaliyobeba watumwa katika maji yetu. Baadhi ya waliookolewa hawakurudishwa makwao. Kuanzia Agosti 1873 hadi mwaka 1880 mamia kati yao walichukuliwa kutoka Zanzibar na kupelekwa Durban, wakafungwa kwa mikataba ya kazi, kwa kuwa koloni la Natal lilikuwa na njaa ya vibarua. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji. Kwa kuwa walitokea Zanzibar, wakaitwa Wazanzibari, na jina likawaganda hadi leo. Wengi wao walikuwa Waislamu, na baada ya mikataba kwisha waliishi pamoja mahali paitwapo King's Rest, kule kwenye kilima cha Bluff, katika ardhi iliyowekwa amana na Waislamu wenye asili ya Kihindi. Miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi ililitangaza eneo lile kuwa la Wazungu, wakahamishiwa Chatsworth, kitongoji cha Wahindi. Katika vitabu vya serikali waliandikwa kuwa Waasia wa aina nyingine, jambo la ajabu kwa watu waliotoka Msumbiji, lakini liliwaepusha kusambazwa katika vitongoji vya Waafrika, na jamii yao ikabaki pamoja.

Mimi nilikutana nao Ijumaa, katika msikiti wa Juma wa mtaa wa Grey, ambao ulianzishwa mwaka 1881 na umezungukwa na maduka hata mgeni anaweza kuupita bila ya kujua. Baada ya sala mzee mmoja alinisikia nikizungumza na mwenzangu wa Mombasa, akatusogelea na kutusalimu kwa Kiswahili cha polepole, akaniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia Tanga, alinishika mkono asiuachie. Nyumbani kwao walizungumza Kimakua, pamoja na Kizulu na Kiingereza, na Kiswahili alikipata kwa wazee wa dini na kwa mabaharia wa kwetu waliopita miaka ya nyuma. Alitupeleka Chatsworth kwa gari la jamaa yake, tukala wali, wakatuletea watoto watusalimu. Walituuliza maswali ambayo sisi tungeweza kuyajibu kwa uvivu, kama vile bandari ya Unguja inaonekanaje kutoka baharini, na je, bado majahazi yanatoka na pepo za kaskazi. Tuliyajibu kwa uangalifu mkubwa, maana tuliona kwamba kila neno lingewekwa.

Nasema haya ili ujue kwamba kushuka kwa baharia kunaweza kuwa ziara ya jamaa. Tangu siku hiyo, nilipojua kuwa meli inaelekea Durban nilinunua kofia za mkono na halua nikawa nazo kitandani.

SWALI: Assalaam alaykum. Mwanangu wa kiume ameajiriwa katika meli na safari zake zinafika Afrika Kusini. Mtaani wananiambia kuwa baharia akiteremka anajua mambo mawili tu, pombe na wanawake, na kwamba Durban ni mji wa wezi. Usiku silali. Naomba uniambie ukweli, usinifariji. (Mama wa Kisauni, Mombasa)

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Ukweli ni kwamba hayo yapo. Nyuma ya bandari kulikuwa na barabara iliyoitwa Point, ambayo katika miaka yangu ilijaa baa, vyumba vya kupanga kwa saa na watu wanaojua ni siku gani meli imelipa mishahara. Nimeona wanaume wenye familia wakitumia huko kwa usiku mmoja fedha za miezi. Barabara hiyo baadaye ilipewa jina la Mahatma Gandhi, na wako waliolalamika kwamba jina la mtu yule halikustahili kuwekwa pale, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mgeni wa bandari hiyo: alishuka Durban mwaka 1893 baada ya kupitia Lamu, Mombasa na Unguja, na aliporudi akashuka tena Januari 1897, kundi la Wazungu lilimvamia njiani kwa mawe na mateke, mpaka mke wa mkuu wa polisi alipomkinga kwa mwavuli wake.

Zungumza na mwanao waziwazi kuhusu UKIMWI, kwa kuwa KwaZulu-Natal, jimbo ilimo Durban, ni miongoni mwa sehemu za dunia zilizoumizwa sana na ugonjwa huo. Akiona haya, mwombe baba yake au mjomba wake aseme naye. Kuhusu wezi, mwambie ashuke na wenzake wawili watatu, pasipoti aiache katika meli na atembee na kibali, asivae saa wala mkufu, na arudi kabla ya giza. Mwenzangu mmoja aliporwa viatu akiwa amevivaa. Alirudi gatini peku, lakini salama.

Yuko pia ndugu wa aina nyingine atakayemkuta, na hili wazazi wengi hawalijui. Kando ya bandari ile wanaishi vijana wetu wa Dar es Salaam na Tanga, wazamiaji, wanaosubiri nafasi ya kujificha katika meli wafike Ulaya au Marekani. Watamsikia akizungumza, watamwita ndugu, na watamwuliza meli yake inakwenda wapi na inaondoka lini. Awape chakula kama anacho, awasalimie kwa heshima kwa kuwa ni watoto wa wenzetu, lakini habari za meli asizitoe kabisa. Mzamiaji akipatikana baharini, gharama za kumrudisha kwao ni za mwenye meli na bima yake, na baharia aliyesaidia amekwisha katika kazi hii. Tena wapo waliokufa katika ngama zilizofungwa na kupuliziwa dawa ya wadudu.

Lakini, dada yangu, waliokuambia ni mambo mawili tu hawakukueleza kinachompeleka kijana kule. Mkataba wa kawaida wa baharia wa sitaha ni miezi kama tisa, zamu usiku na mchana, nyuso zilezile. Akishuka hana anayemjua, na mahali pa kwanza penye taa na muziki ndipo panapomkaribisha. Kijana mwenye mahali pengine pa kwenda ana kinga kubwa kuliko mwenye nasaha nyingi. Durban kipo kituo cha mabaharia kinachoendeshwa na jumuiya za makanisa, na hakimwulizi mtu dini yake. Katika siku zangu basi lao dogo lilitufuata bandarini bila ya malipo, tukacheza biliadi, tukanunua kadi za simu na kupiga nyumbani. Upo msikiti niliokwisha kuutaja. Na wewe unapozungumza naye kwa simu, mwulize ameona nini, amekula nini, bahari ya huko ina rangi gani. Mke wangu alikuwa akiniuliza hivyo, na nilipokuwa nikitembea mjini nilikuwa nikitafuta cha kumsimulia. Ndiyo sababu leo ninaweza kuwaandikia haya.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni kijana wa sitaha katika meli ya makontena. Tulitia nanga mbele ya Durban siku nyingi, taa za hoteli tukiziona kila usiku, na tulipoingia gatini tulipakua, tukapakia na kuondoka bila ya hata mtu mmoja kushuka. Afisa wetu alisema kushuka ni hisani ya nahodha. Je, ni kweli? Na nikipata saa chache, nifanye nini? (Baharia kijana, kwa barua aliyoiandika melini)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako imeniuma, kwa sababu wenzako wengi wako katika hali hiyohiyo. Makontena hayasubiri mvua kupita, na mashine hufanya kwa saa kadhaa kazi iliyotuchukua sisi siku nyingi. Tangu tarehe 1 Julai 2004, kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari zilipoanza, magati yamezungushiwa uzio, na mahali tulipopita kwa kumpungia mkono mlinzi sasa panahitaji orodha, kibali na gari. Kisha likaja janga la Korona, ambapo kwa kipindi kirefu mabaharia walizuiwa kabisa kukanyaga nchi, na inakadiriwa kuwa yapata 400,000 walikwama melini baada ya mikataba yao kwisha. Durban yenyewe ilizidiwa na msongamano, na mnamo Novemba 2023 makumi ya meli zilikuwa zikingoja nje.

Lakini si hisani. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unasema kwamba mabaharia wapewe ruhusa ya kushuka kwa ajili ya afya na ustawi wao, kwa kadiri majukumu ya kazi yanavyoruhusu. Afrika Kusini imeuridhia, Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019. Nahodha anaweza kukukatalia kwa sababu zamu yako inahitajika. Hawezi kuwakatalia watu wote, safari baada ya safari, kwa kuwa tu ni usumbufu kuomba vibali. Mwombe serahangi wako mapema, kabla ya kufika bandarini, ili wakala aandae karatasi. Mkikataliwa tena, tumieni utaratibu wa malalamiko ambao meli inatakiwa kuwa nao kwa maandishi, na wewe una haki ya kupewa nakala yake. Shirikisho la wafanyakazi wa usafirishaji, ITF, lina wakaguzi katika bandari kubwa, Durban ikiwemo. Andikeni kwa pamoja, mkitaja tarehe na saa, na mtu mmoja asiachwe peke yake na jina lake.

Nikiwa mahali pako na nina saa nne, nisingekwenda katika maduka makubwa, ambayo yanafanana dunia nzima. Ningewapigia kituo cha mabaharia siku moja kabla, kwa maana ndani ya bandari huruhusiwi kutembea kwa miguu na gari lao ndilo litakalokutoa langoni. Ningeshukia ufuko wa kusini, nitembee nusu saa hivi nikiwa nimevua viatu, nioge baina ya bendera. Kisha teksi mpaka mtaa wa Grey, ambao sasa unaitwa Dr Yusuf Dadoo, nisali, nile robo ya bunny chow ya maharage, ambayo ni rahisi na inashibisha. Saa ya mwisho iache yote kwa njia ya kurudi, kwa sababu malori ya makontena hufunga barabara ya bandari, na meli haimsubiri mtu.